Mikesha Ishirini na Tisa

Dundee, mtaa wa Hilltown, ghorofa ya tatu.
Desemba hapa magharibi huingia saa tisa na dakika arobaini;
tunafuturu watoto wa shule wangali barabarani na mabegi.
Nina usiku mrefu, daftari la miraba,
na namba aliyoniachia Ailsa Geddes, mwalimu wa darasa la jioni,
wiki aliyostaafu:

2147483647.

"Mbili thelathini na moja zizidishane," alisema,
"kisha toa moja."
Ukiiandika kwa lugha ya mashine haina sifuri hata moja,
ni moja thelathini na moja, bega kwa bega,
safu ya tarawehe isiyomwachia shetani mwanya.

Haigawiki. Tatu inabakisha moja,
tano inabakisha mbili, saba moja tena,
na kuendelea hivyo, kila mgeni anarudishwa mlangoni.
Kwa Kiswahili tunaiita tasa.

Neno hilo nalijua.
Wifi yangu Salha alilitamka mwaka wa sita wa ndoa, jikoni Pangani,
akidhani maji ya bomba yanafunika sauti.
Tangu hapo silisikii, hata katika hesabu,
bila kugeuka nyuma nione nani kaitwa.

Njia ya kuithibitisha Ailsa aliiandika nyuma ya risiti.
Nikaifanya utenzi, nisiisahau kazini:

    Shika nne mkononi,
    ijizidishe kwa ndani,
    toa mbili pembezoni,
    baki lake lirudie.

    Rudia bila kuchoka,
    mizunguko ikifika,
    sifuri ikitamka,
    ni tasa, ukatulie.

Baki, yaani ukishagawanya kwa ile namba yenyewe.
Na mizunguko ni ishirini na tisa.
Nilicheka. Mwezi mzima wa mfungo,
kama hautatimiza thelathini.

Mkesha wa kwanza: kumi na nne.
Wa pili: mia moja tisini na nne. Mchezo.
Wa nne zikafika tarakimu kumi,
wa tano nikagawanya kwa mara ya kwanza
na chai ya tangawizi ikapoa.
Wa kumi na moja siku zangu zikaja.
Kwenye saumu nina udhuru, nitalipa kadha.
Hesabu haina udhuru;
nikazidisha nimejifunga chupa ya maji moto tumboni.
Wa kumi na saba nilisahau kubeba tatu,
nikagundua wa kumi na tisa,
mikesha mitatu nikailipa kwa mmoja, hadi daku.

Maarifu aliuliza mara moja tu:
"Ikithibitika, inatupa nini?"
Nilitaka kumwambia kwamba namba nyingine zote,
kuanzia nne ya mkononi hadi kodi ya nyumba hii,
zimezaliwa na hizi tunazoziita tasa.
Nikasema, "Nipishe taa."

Mkesha wa ishirini na nane,
baada ya wiki tatu za pori,
namba ikanyooka ghafla: 65536.
Mbili kumi na sita zimezidishana, hakuna takataka.
Nikaitazama kama mtu aliyemwona ndugu yake
kwenye umati wa stesheni.

Usiku uliofuata watu walitoka kutafuta mwezi.
Mawingu yalikuwa juu ya mto Tay tangu Jumamosi.
Nikazidisha, nikatoa mbili:
4294967294.
Ile namba yangu, mara mbili kamili.
Baki,
nikachora duara. Mkono ulitetemeka, likatoka yai.

Simu ikalia. Salha:
huko Ulaya mmeuona?
Mawingu, nikamwambia, lakini hapa mezani
kuna kitu cha mviringo nimekiona kwa macho yangu.
Kimya kidogo. Maji ya bomba, kwa mbali.
"Kwa hiyo kesho mnafunga au mnakula?"
Sijui bado, wifi.
Mimi hata nikila
nina siku sita za kulipa.